Shamba Lililopoteza Mkulima Wake

Katika kijiji cha Woolsthorpe, jimbo la Lincolnshire huko Uingereza, lipo shamba la kale lenye nyumba ya mawe na bustani ya mitofaa. Robert Newton alilinunua mwaka 1623. Mwanawe Isaac, asiyejua hata kuandika jina lake, alifariki mwezi wa Oktoba 1642, akamwacha mkewe Hannah mjamzito. Siku ya Noeli, kwa kalenda ya Uingereza ya wakati ule, alizaliwa mtoto mwanamume, akaitwa kwa jina la marehemu baba yake. Ndiye mrithi wa shamba.

Mtoto alipokuwa kijana wa miaka kama 17, mama alimtoa katika shule ya Grantham ili ajifunze ukulima. Tusimlaumu upesi. Alikuwa amefiwa na waume wawili. Ni nani basi angelitunza shamba? Lakini kijana alikaa na kitabu huku mifugo ikitangatanga, hata mwaka 1659 akatozwa faini kwa ajili ya kondoo na nguruwe walioingia mashamba ya watu. Mjomba wake na mwalimu wake, Henry Stokes, walimsihi mama. Mwalimu akakubali hata kumsamehe karo. Mama akaridhia. Mwaka 1661 kijana aliingia chuo cha Cambridge, na kwa kukosa fedha akawatumikia wanafunzi wenzake.

Mwaka 1665 tauni ilifunga chuo, naye akarudi kwao. Hapo, kama alivyomsimulia rafiki yake William Stukeley mwaka 1726, aliona tofaa likianguka, akajiuliza: Mbona huanguka sikuzote kuelekea chini, wala si kando? Halikumpiga kichwani, kama wengi wapendavyo kusimulia. Bali swali lile lilimfikisha kwenye sheria ya mvutano inayoushika hata mwezi katika njia yake.

Newton alifariki mwaka 1727 bila mtoto. Shamba likaenda kwa ndugu wa mbali, kisha likauzwa. Karibu na mwaka 1820 dhoruba iliuangusha mtofaa ule. Walakini haukufa: shina lililolala likashika mizizi, likachipuka tena. Watu wakakata vijiti vyake, wakavipandikiza juu ya miche mingine. Leo wazao wake wapo katika nchi nyingi. Tangu mwaka 1943 shamba lipo mikononi mwa National Trust, chama kinachotunza mahali pa kale, na ua umeuzunguka mti ili miguu ya wageni isikanyage mizizi.

Hannah aliogopa kwamba shule ingelinyima shamba mtunzaji wake. Hofu yake ilitimia, maana mwanawe hakurudi kulima. Lakini shamba lile linatunzwa mpaka leo kwa ajili ya mwana aliyeliacha. Ninyi wazazi, mnapomwita mtoto atoke darasani ashike jembe, mkumbukeni mjane huyo: alikuwa na haja kubwa ya mikono ya mwanawe, naye akamwachilia.