Kila Boma na Mtama Wake

Katika soko la Kibuye mjini Kisumu, mtama mwekundu hupimwa kwa kopo la gorogoro. Chota kiganja kimoja ukapande: yataota mabua ya kila kimo, maana punje hizo zimetoka maboma mengi. Lakini panda punje za suke moja lililoning'inizwa juu ya moshi jikoni huko Nyakach, nawe utapata mimea inayofanana kama pacha.

Sababu imo ndani ya ua. Ua la mtama lina sehemu za kiume na za kike pamoja. Hufunguka usiku au kabla ya jua kuchomoza, na chavua nyingi huangukia hapo hapo. Upepo hupeleka kidogo kwa jirani. Kwa kawaida punje 5 hadi 30 kwa kila 100 huwa na baba wa nje. Suke lililofumbata hupokea chache, lililotawanyika hupokea zaidi. Mahindi hayako hivyo: karibu kila punje ina baba wa bua jingine.

Sasa tuhesabu. Kila mmea una nakala mbili za kila jeni. Tuseme mmoja una nakala ya urefu na nakala ya ufupi. Ukijichavusha wenyewe tu, robo ya watoto watapata urefu mara mbili, robo ufupi mara mbili, na nusu watabaki na mchanganyiko kama mzazi. Msimu unaofuata nusu hiyo hukatwa tena: 25 kwa 100, kisha 12.5, kisha 6.25. Baada ya misimu 5 wamebaki kama 3. Kwa mkulima anayepanda mara mbili kwa mwaka, wakati wa chwiri (mvua ndefu) na wa opon (mvua fupi), hiyo ni miaka miwili na nusu. Tena urefu na ufupi vyote bado vipo. Ni koo tu zilizogawana.

Hapa wengi hukosea, hata waliosomea kilimo. Wakiona shamba la mtama wa ochuti limesimama sare, husema mtama wa kienyeji ni maskini wa jeni. Utajiri wake umetandazwa kati ya boma na boma, kutoka Nyakach hadi Bondo na Homa Bay. Anayekusanya mbegu za kuhifadhi atapata zaidi kwa masuke machache ya kila boma katika maboma 20 kuliko masuke 100 ya shamba moja. Na boma likiacha kupanda mtama wake, huenda nakala fulani isipatikane kwa jirani yeyote. Hilo linaniumiza.

Linaniumiza zaidi nikifikiria kayongo, gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mtama. Lenyewe haliwezi kujichavusha: lazima mdudu alete chavua ya mmea mwingine. Mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu, na mbegu hizo zaweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10. Adui huchanganya jeni zake kila msimu. Mtama huzichanganya mara chache tu. Mbegu ya kayongo huamshwa na kemikali za mizizi ya mtama, lakini zipo aina za mtama ambazo kemikali zake haziiamshi vizuri. Mwanasayansi Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia, alipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009 kwa kuzalisha mtama bora, ukiwemo unaostahimili gugu hili.

Kwa hiyo mama akiona shambani bua lisilofanana na mengine, pengine mtoto wa mtama mwitu wa kando ya barabara, nampa ombi moja: asiling'oe upesi. Likiwa na afya pale kayongo ilipochanua, alitundike suke lake peke yake, apande punje zake kando, achague tena kwa misimu 5.