Farasi wa Vita na Mbung'o wa Lambwe

Wasomaji wetu wa Sindo na wa vijiji vilivyo kando ya ziwa hawajazoea kumwona farasi. Kila mzee mwenye ng'ombe aijua sababu: Bonde la Lambwe, lililo jirani, limejulikana tangu zamani kwa mbung'o, naye farasi humvumilia mdudu huyo kidogo kuliko hata ng'ombe. Jambo hilo dogo lilikuwa na maana kubwa katika vita vya 1914 hadi 1918.

Mwezi wa Agosti 1914 walowezi wa Kizungu walikusanyika Nairobi, katika uwanja wa mashindano ya farasi, ili kuunda kikosi kilichoitwa East African Mounted Rifles. Hawakuwa askari wa kazi. Walikuwa wakulima, wawindaji na wafanya biashara, na wengi walileta farasi na bunduki zao wenyewe. Mwaka huo huo ilikuja kutoka India Calcutta Volunteer Battery, watu wa mizinga ambao wakati wa amani walikuwa na kazi zao mjini, wakijifunza uaskari katika saa za nafasi.

Fikira zao zilitoka katika vita vya Ulaya, ambako farasi ndiye aliyeuvuta mzinga. Mzinga wa namna hiyo ulifika upesi, ukapiga, ukahamishwa kabla adui hajaupima. Lakini farasi ataka maji, nafaka na nchi isiyo na wadudu. Tarehe 3 Novemba 1914 wapanda farasi hao, pamoja na askari wa India, walimshambulia Mdachi katika mlima wa Longido. Maji yaliwapungukia, nao wakalazimika kurudi nyuma usiku huo.

Huku kwetu Nyanza kazi ilikuwa hasa ya miguu na ya meli. Wadachi walipoingia Kisii mwezi wa Septemba 1914, waliokwenda kupambana nao tarehe 12 walikuwa askari Waafrika wa King's African Rifles. Siku chache baadaye meli za pande mbili zilipigana kwenye ghuba ya Karungu, kusini ya Sindo.

Mwaka 1916 walikuja wapanda farasi wengi kutoka Afrika Kusini. Jenerali van Deventer aliondoka upande wa Arusha na watu wapatao 1,200 juu ya farasi. Alipofika Kondoa Irangi mwezi wa Aprili, waliosalia juu ya farasi walikuwa kama 600. Mvua, njaa, ugonjwa wa farasi na mbung'o viliwamaliza wanyama haraka kuliko risasi. (Punda milia, ndugu yake farasi, aliendelea kula majani palepale bila wasiwasi!)

Basi mzigo uliomshinda farasi ukatwikwa mtu. Chakula, risasi, hata vipande vya mizinga, vilikwenda vichwani na mabegani mwa wapagazi wa Carrier Corps, na maelfu yao walitoka Nyanza. Mwaka 1917 waliandikwa kwa nguvu, kijiji kwa kijiji. Hesabu ya serikali yenyewe ilitaja vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, wengi wakiuawa na kuhara damu, homa na chakula kibaya. Kambi zao ndizo zilizoacha majina ya Kariokor, Nairobi, na Kariakoo, Dar es Salaam.