Ule Msee wa Piano Nyuma ya Jim Reeves Ni Nani? Hivi Ndio Watu Hutambua Wanamuziki wa Klipu za Kitambo

Kama umelelewa Kibera ama Kawangware unajua Jumapili asubuhi huskika aje. Jirani mmoja ameweka mahubiri, mwingine ameweka Jim Reeves, na ukuta ni mabati, so unapata zote mbili bure. Huyu buda wa kantri alikufa 1964 lakini kwa matanga za huku bado anaimba kuliko wasanii wengi walio hai.

Siku hizi klipu zake zinazunguka YouTube na kwa magrupu ya WhatsApp ya familia, zile za nyeusi na nyeupe. Jim yuko mbele na suti, sauti laini kama mafuta ya nazi. Nyuma yake kuna wasee wanachapa kazi kinoma na hakuna jina lao hata moja kwa skrini. Hao ni akina nani? Na watu hujua aje?

Jibu fupi ni hili: bendi yake ya kuzunguka nayo iliitwa Blue Boys. Kwa piano alikuwa Dean Manuel, kwa gita Leo Jackson. Lakini usikimbie kukomenti bado, hapa ndio wengi huanguka. Msee unayemwona kwa video si lazima awe ndiye unayemskia kwa santuri. Chukua He'll Have to Go, ile ngoma ya simu. Ilirekodiwa Nashville 1959, na piano hapo ni ya Floyd Cramer. Besi ni Bob Moore, drams ni Buddy Harman, gita ni Hank Garland. Hawa walikuwa watu wa studio, leo wanarekodi na huyu, kesho na yule. Kuzunguka barabarani na Jim ilikuwa kazi ya Blue Boys.

So kitu ya kwanza, jiulize kama ni laivu ama wanaigiza juu ya rekodi. Cheki kama waya ya gita imechomekwa mahali. Cheki kama mkono wa drama unashuka pamoja na mlio. Ukiskia fidla kibao na kwa skrini hakuna fidla hata moja, umepata jibu. Kwa filamu ni mbaya zaidi, kwa sababu anayeshika gita anaweza kuwa mwigizaji tu. Jim mwenyewe aliigiza kwa Kimberley Jim, iliyopigwa Afrika Kusini.

Kisha tafuta mwaka. Dean Manuel alikufa pamoja na Jim tarehe 31 Julai 1964, ndege ndogo ikianguka karibu na Nashville, Jim mwenyewe akiwa ndiye rubani. Kwa hivyo mtu akikutumia klipu imeandikwa "Jim Reeves laivu 1967", huyo anakupima.

Halafu sasa unalinganisha. Unahitaji klipu moja ambayo watu wake wanajulikana, na hiyo inakuwa kama kitambulisho. Nzuri ni ile ya Oslo, Norway, Aprili 1964. Jim alienda huko na Chet Atkins, Bobby Bare na kundi la Anita Kerr. Lile kundi ni wanawake wawili na wanaume wawili: Anita mwenyewe, Dottie Dillard, Gil Wright na Louis Nunley. Chet utamjua haraka, gumba linapiga besi huku vidole vingine vinapiga melodi, na gita aliyojulikana nayo ni Gretsch. Ukishashika sura, unaenda kwa klipu zingine ukiangalia kimo, nywele, venye mtu anakaa kwa piano. Suti haikusaidii, wote wamevaa sare.

Ya mwisho ni karatasi, na hii ndio yenye nguvu. Nashville chama cha wanamuziki kilikuwa na fomu ya kila kipindi cha kurekodi: nani alipiga nini, siku gani. Si eti walipenda historia. Ilikuwa ndio kila mtu alipwe. Doo ndio iliweka majina.

Huku kwetu karatasi kama hizo ni ngumu kupata. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey alirekodi kwa Wakipsigis ngoma inaitwa Chemirocha. Hilo jina ni Jimmie Rodgers, baba wa kantri, vile lilitamkwa huko baada ya watu kuskia santuri zake. Aliyetajwa kwa ile iliyobamba zaidi ni Chemutoi Ketienya, "na wasichana wa Kipsigis". Basi. Wale wengine hawakuandikwa majina. Rekodi ziliporudishwa kijijini 2015, mmoja wa wanamuziki wa kitambo, Cheriyot arap Kuri, alipatikana akiwa hai. Miaka 65 baadaye!

Ama skiza omutibo, ile gita ya magharibi ambayo wazee wengi wa Kawangware wanaijua. Kuna msee anakwaruza chupa ya Fanta nyuma. Kwa Abana ba Nasery tunajua ni Enos Okola, lakini kwa ngoma ngapi zingine huyo wa chupa ni "mtu fulani tu"?

Na si heshima pekee. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inampa aliyepiga chombo haki kwa miaka 50 tangu irekodiwe. Ya 1964 imeshapita, lakini kama guka wako alipiga besi kwa ngoma ya 1985, hiyo iko hadi 2035. Na bila jina hakuna pa kuanzia.

So ukimpata buda pale Gatwekera ama Kawangware 46 anasema alikuwa kwa bendi, mwekee klipu, simamisha kwa kila sura, rekodi anachosema na simu: jina, chombo, studio, mwaka. Kisha panda Kenyatta Market kwa wauza santuri ukalinganishe na kilichoandikwa kwa lebo.