Uvimbe wa Taya na Mwinuko wa Nchi

Barabara itokayo Korogwe kwenda Lushoto hupita tambarare hadi Mombo, kisha huanza kupanda. Korogwe, kando ya Mto Pangani, iko meta 300 hivi juu ya usawa wa bahari. Lushoto iko karibu meta 1,400. Mwanafunzi afanyaye safari hiyo huvaa sweta njiani, wala hashangai. Hata hivyo mpando huo huvuka pia mpaka wa maradhi. Watafiti waliokamata na kupima mbu katika miteremko ya Usambara walikuta kwamba uambukizaji wa malaria hupungua zaidi ya mara elfu moja kati ya vijiji vya bondeni na vile vya juu milimani. Mpaka wa namna hiyo ndio uliofungua njia ya kuielewa kansa moja ya watoto ambayo hapo awali ilidhaniwa kuwa magonjwa mbalimbali.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Mwaka uliofuata alichapisha maelezo ya uvimbe huo. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari muda wa wiki kumi, maili 10,000 hivi, kutoka Uganda kupitia Tanganyika hadi kusini mwa Afrika, wakionyesha picha katika kila hospitali na kuuliza: je, uvimbe huu mmeuona? Karibu na Ikweta, mahali palipozidi futi 5,000 jibu lilikuwa hapana. Walipozidi kwenda kusini kimo hicho kilishuka, na hapo ndipo ilipobainika kwamba kinachoamua si kimo chenyewe bali joto na mvua. Kwa kipimo hicho, tambarare za Korogwe na nchi ya Handeni zimo ndani ya ukanda wa uvimbe huo. Lushoto iko ukingoni.

Burkitt alishuku virusi viletwavyo na mdudu. Dhana hiyo ilikuwa na kosa lenye manufaa. Virusi vilipatikana kweli mwaka 1964, katika chembe za uvimbe zilizopelekwa London kwa ndege, navyo vikaitwa kwa majina ya Epstein na Barr. Lakini havienezwi na mdudu. Huenezwa kwa mate, na karibu kila mtoto wa Kiafrika huvipata akiwa mdogo, wa bondeni na wa mlimani sawasawa. Basi mbu huleta nini? Huleta malaria, na malaria hufanya kazi ya pili.

Ili kuelewa kazi hiyo yafaa kutazama chembe nyeupe za damu zitengenezazo kingamwili. Chembe hizi zina desturi ya hatari: hukata na kuunga upya jeni zao wenyewe ili kupata kingamwili inayofaa. Mtoto augapo malaria mara kwa mara, chembe hizo hulazimika kuzaana na kukata jeni bila kupumzika, na virusi vilivyomo ndani yake huzisaidia zisife. Siku moja kisu hukosea. Kipande cha kromosomu ya 8, chenye jeni iitwayo MYC, huunganishwa na kromosomu ya 14, pembeni ya jeni ya kingamwili ambayo katika chembe hizo haizimwi kamwe. Kazi ya MYC ni kuamuru chembe zigawanyike. Ikiwekwa hapo haiachi kuamuru, mfano wa lori lililokwama pedeli ya mafuta likiteremka kutoka Soni kwenda Mombo. Kosa hilo la kromosomu lilielezwa mwaka 1976, na jeni yenyewe ikatambuliwa mwaka 1982.

Je, kuzuia malaria kungezuia uvimbe? Jaribio lilifanyika Tanzania, huko Mara Kaskazini, kuanzia mwaka 1977 hadi 1982, ambapo watoto waligawiwa vidonge vya klorokwini. Uvimbe ulipungua, ila ulikuwa umeanza kupungua kabla ya vidonge, na vijidudu vya malaria vikaanza kuizoea dawa. Watafiti, kwa haki, hawakudai ushindi.

Uvimbe wa ubongo hupangwa kwa madaraja, kuanzia 1 hadi 4, kwa kuwa kwa kawaida hautoki nje ya ubongo na mfumo wa neva. Swali kubwa ni ukali wa chembe zake. Uvimbe wa Burkitt hauna haja ya swali hilo. Ni mkali daima, na huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Huu hupimwa kwa hatua: kama uko tayani peke yake, kama umeingia tumboni, kama umefika kwenye uboho au maji ya uti wa mgongo. Dalili ya kwanza mara nyingi ni meno ya mtoto kulegea bila sababu. Kung'oa jino hakusaidii kitu, na wiki zipotezwazo hapo huugeuza ugonjwa wa hatua ya mwanzo kuwa wa hatua ya mwisho.

Ajabu ni kwamba wepesi huo ndio udhaifu wake, kwani dawa za kansa hushambulia zaidi chembe zinazogawanyika. Kampala, katika miaka ya 1960, nyuso zilizoharibika zilirudi umbo kwa siku chache baada ya sindano za saiklofosfamidi. Chembe hufa kwa wingi kiasi kwamba takataka zake huweza kuziba figo. Kwa hiyo mgonjwa hupewa maji mengi kabla ya dawa. Siku hizi huongezwa vinkristini na methotreksati, nayo methotreksati hudungwa pia mgongoni, kwa sababu dawa za mshipani hazifiki vizuri penye ubongo. Chembe chache zilizojificha humo hutosha kuurudisha ugonjwa, na ndiyo maana sindano hiyo haiachwi hata kama taya limekwisha kupona na mtoto anatafuna mahindi.