"Downer": Habari Mbaya au Kidonge?

Tulipokuwa field mwaka jana, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza neno "downer" maana yake nini. Alikuwa amelisikia kwenye filamu mbili. Kwenye moja mtu kafukuzwa kazi na wenzake wakasema hiyo ni "downer". Kwenye nyingine mtu alikuwa anameza vidonge, navyo vikaitwa "downers". Alitaka kujua ipi ni sahihi. Zote ni sahihi, na moja imeizaa nyingine.

Waingereza wanaiweka furaha juu na huzuni chini. Hata sisi tunafanya hivyo, ndiyo maana mzuka unapanda na kushuka. Sasa, Marekani ya miaka ya 1960, vijana wa mtaani waliita vidonge vya kuchangamsha "uppers" na vya kutuliza "downers". Hizo "downers" zilikuwa hasa barbitureti, dawa za usingizi ambazo madaktari walikuwa wakiziandika tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Ubaya wake ni kwamba kipimo cha kukulaza na kipimo cha kukuua vimekaa karibu mno. Marilyn Monroe alikufa kwa dawa hizo mwaka 1962, Judy Garland mwaka 1969. Mwaka 1963 ikaingia sokoni Valium, ambayo wengi tunaijua kwa jina la diazepamu. Ikimezwa peke yake ina nafuu kuliko barbitureti. Ikichanganywa na pombe, nafuu hiyo inaisha.

Kutoka kwenye kidonge neno likahamia kwenye habari yoyote inayokushusha, kisha kwa mtu mwenyewe. Mwaka 2004 kipindi cha vichekesho cha Saturday Night Live kilimtoa Debbie Downer, dada ambaye kila sherehe anaingiza habari za magonjwa na majanga. (Kila hosteli inaye.) Ndugu yake "downer" ni "bummer". Karne ya 19 lilimaanisha mzururaji mvivu. Watumiaji wa LSD wakalichukua kwa ajili ya ulevi uliogeuka kuwa jinamizi, na leo hata mechi ikiahirishwa kwa mvua ni "bummer".

Kiswahili cha mtaani kimepita njia hiyo hiyo, ila kwa kugeuza. Mtu akikuharibia raha unasema kakukata stimu, na stimu ni ule ulevi wenyewe. Wao wametaja kinachoshusha, sisi tumetaja kinachokatwa. Mimi naona letu ni tamu zaidi, lakini lina pengo: haliwezi kumaanisha kidonge. Kwa kidonge itabidi uende Kenya, ambako mtu "aliyewekewa mchele" hajapikiwa wali. Katiliwa dawa ya kumlevya kwenye kinywaji ili aibiwe.

Pengo hilo ndilo linanipa wasiwasi hapa chuoni. Tumeliazima "downer" kwa upande wake mwepesi. Boom limechelewa, downer. Sapu, downer. Halafu wiki ya UE, mtu aliyekesha siku tatu na desa anasema "nitafutie downer nilale", na chumba kizima kinacheka kana kwamba ni utani ule ule.

Dawa hizi zinapunguza kasi ya ubongo, na ubongo ndio unaoendesha pumzi. Pombe nayo ni "downer", hata kama mwanzoni inakuchangamsha. Ukiziweka pamoja, nguvu zinajumlishana na pumzi inaweza kusimama usingizini. Na aliyezimeza kila siku kwa wiki nyingi asiache ghafla bila daktari, kwa sababu mwili unaweza kupata mishtuko kama ya kifafa.

Kwa hiyo rumeti akimeza vidonge juu ya bia, kisha anakoroma kwa namna usiyoizoea, anapumua kwa kusuasua, na ukimtikisa haamki, usimwache "alale ziishe". Mlaze kwa ubavu asipaliwe na matapishi, piga simu kwa mlinzi au warden mtafute usafiri, na beba pakiti ya vidonge mwende nayo hospitali usiku huo huo. Daktari ataihitaji.