Majibu ya Kubahatisha Yanaweza Kuficha Ugonjwa

Malaria hupimwa kwa tone la damu. Sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa, haionekani katika damu. Mganga hutegemea majibu ya mgonjwa. Shirika la Afya Duniani lina maswali 20 ya kujibu ndiyo au hapana. Yako pia maswali 9 yaliyotolewa Marekani mwaka 2001, yanayouliza hali ya wiki mbili zilizopita.

Je, mtu akijibu bila kufikiri? Mwenye kuitikia ndiyo kwa yote 20 ataonekana mgonjwa sana. Mwenye kusema hapana kwa yote ataonekana mzima, hata kama anawaza kujiua.

Jaribio la Minnesota la mwaka 1943 liliweka maswali ambayo watu wachache sana huyakubali. Ukiyakubali mengi, majibu yako hutiliwa shaka. Toleo la 1989 liliongeza jozi za maswali, ili majibu yanayopingana yajulikane. Maswali mafupi ya zahanati hayana mitego hiyo.

Mkoani Katavi, uzembe si sababu pekee. Wapo wanaozungumza Kibende, Kipimbwe, Kikonongo au Kisukuma nyumbani. Katumba na Mishamo wapo wa Kirundi. Mzee asiyelielewa swali huweza kuitikia ndiyo kwa heshima tu. Kumwita mzembe ni kumwonea.

Mhudumu azingatie haya:

1. Aulize faraghani, polepole, kwa lugha inayoeleweka.

2. Aombe mfano. Akiambiwa "sipati usingizi", aulize: "Jana ulilala saa ngapi, ukaamka saa ngapi?"

3. Mwishoni arudie maswali mawili kwa maneno mengine.

4. Majibu yakigongana, asiitupe fomu. Aanze mazungumzo upya. Sonona yenyewe huvuruga umakini, hivyo majibu yaliyovurugika huweza kuwa dalili. Tena, mwenye kujibu "karibu kila siku" kwa maswali yote 9 huenda anasema kweli.

5. Mtu akikubali kwamba anawaza kujiua, aaminiwe na asaidiwe siku hiyo hiyo, hata kama majibu yake mengine yanatia shaka.

Nawe unayeulizwa, usijibu ili kumridhisha mganga au kuwahi nyumbani. Kutoelewa si aibu. Sema: "Samahani, sijaelewa, naomba unieleze tena." Ukifanya hivyo, umemsaidia mganga kukutibu wewe, si karatasi.