Lektini: Protini Zinazoshika Sukari na Ukuaji wa Chembe za Damu

Lektini ni protini inayoshika sukari bila kuivunja. Sukari hiyo hukaa kwa vishada juu ya utando wa kila chembe hai. Ndani ya uboho, ambamo chembe za damu huzaliwa, lektini huvitambua vishada hivyo na kusaidia kuamua chembe ipi ibaki, ipi igawanyike.

Ujuzi huu ulianzia kwenye mbegu. Mwaka 1888, mjini Dorpat (leo Tartu, Estonia), Hermann Stillmark alichanganya maji ya mbegu za mbarika na damu, akaona chembe nyekundu zikishikamana mabonge. Miaka ya 1940 William Boyd wa Boston alionyesha kwamba maharagi ya lima hugandamanisha damu ya kundi A na kuiacha ya kundi O.

Kisha yakaja maharagi ya kawaida, yaleyale yanayouzwa sokoni Nyawera, mjini Bukavu, Kivu. Mwaka 1960, Peter Nowell wa Philadelphia aliitumia protini yake, fitohemaglutinini, kutenganisha chembe nyekundu na nyeupe. Limfosaiti, chembe nyeupe zilizodhaniwa kuwa zimefika ukingoni mwa maisha, zikaanza kugawanyika upya. Uchunguzi wa kromosomu za damu umeitegemea protini hiyo tangu hapo.

Mwaka 1999 ilitangazwa FRIL, lektini ya fiwi, ambazo Wakikuyu huziita njahi na kuwapikia wanawake waliojifungua. Maabarani ilihifadhi chembe changa za damu ya binadamu kwa wiki kadhaa. Fiwi za chunguni hazifanyi kazi hiyo, kwa kuwa moto huvunja lektini. Anayeuza unga wa mbegu mbichi kama dawa ya kuongeza damu anamdhulumu mgonjwa.

Mwili nao una lektini zake. E-selektini, kwenye mishipa ya uboho, hudaka chembe shina zinazopita na kuzirudisha makazini. Galektini-1 husaidia limfosaiti B changa kukomaa. Chembe sahani zinapozeeka hupoteza asidi ya siali. Lektini ya ini huzinasa, na ini hutoa thrombopoietini, homoni inayouagiza uboho kutengeneza nyingine.

Siku ya Selimundu Duniani, 19 Juni, huikumbusha Bukavu watoto wenye ugonjwa huo (SS). Kwao P-selektini, lektini nyingine ya mwili, hunatisha chembe kwenye mishipa na kuchochea maumivu. Crizanlizumab, dawa ya kuizuia, iliidhinishwa Marekani mwaka 2019, lakini Ulaya ilifuta kibali chake mwaka 2023 baada ya jaribio kubwa kutoonyesha faida. Kupima damu mapema, kinga dhidi ya malaria na damu salama bado ndiyo misingi ya huduma.

Jikoni, fitohemaglutinini ya maharagi yasiyoiva hutapisha na kuharisha. Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Maharagi yalowekwe usiku kucha, maji yake yamwagwe, kisha yatokote kwa nguvu kwa nusu saa au zaidi kabla ya kupunguza moto. Bei ya makaa isiwe sababu ya kumlisha mtoto maharagi mabichi.

Lwiro na Mulungu, vituo vya utafiti vilivyo karibu na mji wa Bukavu, vina historia ndefu ya sayansi. Viongozi na wafadhili wavipe maabara zinazofaa, ili mbegu za Kivu zichunguzwe Kivu.